Viola Zinasema Nini

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumegawiwa nota za "Bwawa". Hatimaye! Tangu mwaka jana mume wangu anaitunga kazi hii kwenye chumba cha nyuma, mlango umerudishwa, na mimi mkewe nimeiona leo kwa mara ya kwanza — kwenye foleni, na watu wengine wote wa okestra, kama askari wanaogawiwa sare. "Viola!" Ndio sisi wa fidla nene. Nikajongea. Nikapokea nakala yetu, mimi na Kikohozi. Kikohozi ni yule mzee ninayekaa naye kiti kwa kiti. Muziki ukilia hakohoi. Anausubiri ukimya. Ukimya ukiingia tu — hoo!

Nimeifungua palepale kwenye ngazi. Viola tunakaa kimya muda mrefu sana. Kisha nota chache, chini chini, na kile kibano cha kuzibia sauti kimebanwa juu ya nyuzi. Kisha kimya. Kisha nota zilezile. Nikageuza hadi mwisho — mwisho hamna! Ukurasa wa mwisho ni mtupu, pameandikwa kwa penseli: Utaletwa.

Nyumbani nikamuuliza, mwisho uko wapi? Anasema unakuja. Kama anaongelea mgeni aliyekwama njiani.

Ameacha nusu ya chakula tena.


Jumatano, 5 Machi

Mazoezi ya kwanza. Wapiga nyuzi peke yetu, ukumbi baridi, taa nusu.

Kondakta mchangamfu leo, ana skafu mpya. (Kondakta! Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakuchoka kulicheka neno hilo. "Anasimama mbele, hajui kupiga chochote, na nyote mnamwogopa. Anakusanya nauli?")

Tulipofika kwenye nota zetu akatusimamisha. Akasema viola msiimbe. Semeni. Kama mtu amesimama mlangoni, anasema jambo ambalo hataki kulirudia. Kikohozi akamuuliza, na hilo limeandikwa wapi? Halijaandikwa, akasema, mtunzi kamwambia kwa mdomo.

Nikageuka. Mtunzi, mume wangu, yuko kule viti vya nyuma, anatazama viatu vyake.

Tukapiga tena. Nota mbili — kituo. Halafu tatu. Halafu zile nyingine zinazofuatana, ya kabla ya mwisho ndefu kuliko zote. Ni nyepesi, hata mwanafunzi wa mwaka wa pili angezipiga. Lakini nilikosea kuingia mara mbili, sijui kwa nini. Nikafikiri ni baridi.

Baadaye — niko nyumbani, napiga pasi shati lake. Mkono unakwenda wenyewe. Gusa, gusa. Kituo. Halafu nikasikia mdomo wangu unatembea na pasi:

Basi. Mwacheni apumzike.

Nimeunguza kola.


Jumamosi, 8 Machi

Siku mbili sikuandika. Nilikuwa najiambia nimekosea. Lugha ina maneno mengi, kwa nini yawe hayo? Nimejaribu mengine juu ya nota zilezile. "Njoo, tukanunue mikate." Inaingia vizuri kabisa! Nimejaribu na nyingine za kipuuzi. Lakini mkono haudanganyiki. Ile nota ndefu ni pale pale ninapovuta mimi — "mzii" — ninavyovuta mimi na si mtu mwingine. Ananicheka kwa hilo tangu uchumba.

Basi niandike mara moja yaishe.

Mama, mama yake mume wangu, alikuja kwetu kwa wiki mbili akakaa miaka sita. Tuligombana kwa sababu ya vitunguu (nakata vikubwa). Kwa sababu ya mapazia. Kwa sababu ya viola, ambayo aliiita fidla iliyovimba. Lakini nikianza mazoezi alikuja kukaa kitandani kwangu na ufumaji wake, eti amefuata mwanga wa dirisha. Chumba chake kilikuwa na dirisha kubwa kuliko letu.

Siku moja jikoni, mimi na vitunguu vyangu, akasema: "Wewe huogopi kukata. Siku nikiwa sijijui, usiwaache waniangike kama nguo isiyokauka."

"Mama, maneno gani hayo asubuhi yote hii?"

"Ahidi kwanza, halafu kata vizuri."

Nikaahidi. Nilidhani ni maneno ya uzee. Lakini alipolazwa mara ya kwanza, kwa presha, jina aliloandikisha hospitalini, la wa kumwamulia, ni langu. Si la mwanawe. Si la binti yake. Wifi yangu alilijua hilo siku mbaya kuliko zote.

Kiharusi. Mama kitandani, mashine inampumulia. Mume wangu yuko nje ya nchi, kazi yake inapigwa jioni ileile kwa mara ya kwanza, simu imezimwa. Nimepiga, nimepiga. Daktari — mwanamke mrefu, sauti ya pamba — akasema hapa hakuna kurudi, kinachopumua ni mashine. Wifi akasema tumsubiri kaka. Kesho anafika.

Ni kweli. Kesho yake alifika.

Lakini mkono wa Mama ulikuwa unaruka. Unaruka, unatulia, unaruka. Daktari alisema ni mishipa tu, Mama mwenyewe hayupo. Mimi niliona mkono wa mtu anayetafuta ukingo wa kitanda ili ashuke. Nikasimama mlangoni nikayasema yale maneno. Sauti haikutetemeka. Nadhani hilo ndilo wifi hajalimeza mpaka leo — si maneno, ni kwamba sauti haikutetemeka.

Baadaye nikampata mume wangu. Nikamweleza nilichosema, neno kwa neno. Akasema: "Sawa."

Hapo ndipo tulipofunika kombe. Miaka mitatu limefunikwa, tunakula juu yake, tunalala juu yake. Hajawahi kunilaumu. Hajawahi pia kusema vinginevyo.

Na sasa amelifunua mbele ya okestra nzima! Akawapa viola. Viola tuko wanane. Wanane tutayasema, na ni mimi ninayewaonyesha pa kuanzia, kwa kuvuta pumzi.


Jumapili, 9 Machi

Nimemuuliza wakati wa chai.

"Viola zinasema nini?"

"Wapi?"

"Unapajua."

Akakoroga kikombe. Hajatia sukari, anakoroga tu. "Zinasema nota."

"Bwawa halisemi 'basi'."

Kijiko kikasimama. Kidogo tu. Halafu kikaendelea. "Mke wangu, ukitafuta maneno kwenye muziki utayapata. Hata kwenye friji utayapata."

Na friji ikaanza kunguruma saa ileile. Siku nyingine tungecheka mpaka chai imwagike. Leo kila mtu alitazama kikombe chake. Akainuka, akaenda chumba cha nyuma. Chumba cha Mama. Sijui kwa nini huwa nakiita chumba cha nyuma.


Jumatatu, 10 Machi

Wifi kaja. Huja mara moja kwa mwezi na mfuko wa machungwa, anakaa kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani, kama yuko stesheni. Hatugombani. Tunaulizana afya.

Redio ilikuwa inamhoji kaka yake. Mtangazaji akauliza, "Bwawa" limetoka wapi? Mume wangu — ile sauti yake ya hadharani, laini, kama amepakwa mafuta — akasema nyuma ya shule yao ya msingi palikuwa na bwawa. Maji hayasogei. Alikuwa anakaa ukingoni saa za mapumziko, anasikiliza.

Wifi akaacha kumenya. "Bwawa gani?"

"La shuleni kwenu."

"Wifi! Nyuma ya shule yetu palikuwa na gereji. Matairi mabovu mpaka ukutani!"

Mtangazaji: na ukimya mwingi namna hii? Mume wangu: anavutiwa na vitu vilivyotulia, visivyosogea.

"Hata matairi hayakuwa yanasogea," akasema wifi.

Tukacheka! Mimi na wifi, miaka mitatu hatujacheka pamoja. Alijifuta macho na mkono wa machungwa, yakamwasha, tukacheka tena. Halafu akatulia. Akasema mimi kaniambia ukweli wake. Kaniletea tiketi, mstari wa mbele. Kasema, njoo dada, ni ya Mama. Utasikia mwenyewe.

Akanitazama. "Wewe hakukwambia?"

Nikasema ameniambia. Nikakusanya maganda, nikayapeleka jikoni, nikasimama huko muda.

Kwa hiyo dada mtu kaambiwa. Kondoo wa kafara ndiye haambiwi.


Jumanne, 11 Machi

Okestra nzima leo. Sasa nimeisikia.

Sijui niandikeje. Besi wanaanza, nota moja, chini kabisa, haikomi — ule mngurumo wa jengo lenyewe, unaoingia kwa miguu. Wapiga ngoma hawapigi, wanasugua ngozi kwa brashi: inakwenda, inarudi, inakwenda, inarudi. Filimbi wanapuliza hewa tupu bila sauti. Na klarineti! Nota moja, kali, fupi. Tena. Tena. Tena. Nadhani ningekuwa kipofu na kiziwi ningeijua. Hii si bwawa. Hii ni wodi, na mashine zake, kitanda cha dirishani, na huyu mtu hakuwepo! Aliyajuaje? Nikakumbuka: kesho yake alipofika, mimi na wifi tulikuwa tunahangaika na mazishi, na yeye alipotea nusu siku. Alikwenda kukaa hospitalini. Kwenye korido ile. Anasikiliza vitanda vya watu wengine.

Halafu tunaingia viola. Kila mmoja kwenye okestra anaendelea na kazi yake, kama hatujasema kitu. Tunarudia. Klarineti inaruka nota moja. Tunarudia — na hapo karatasi inakwisha. Ukurasa mtupu. Kondakta akashusha mikono, akauliza ukumbini: "Na baada ya hapo?" Akauliza tena kwa ukali, akasema yeye si mganga, Jumamosi iko mlangoni, watu wamenunua tiketi. Mume wangu akasema ataleta.

Lakini ni kweli, na baada ya hapo? Hapo ndipo penye kesi yangu. Wakiingia trombone, zile tarumbeta nzito, na kuifunika ile sauti, najua. Ikija fidla moja ikaipokea, najua pia. Maneno ameyaandika. Jibu hajaliandika. Nasubiri hukumu kwenye karatasi, mimi, mtu mzima!

Mapumziko Kikohozi akanipa peremende. Akaniambia amepiga kazi za watunzi wengi wenye hasira, na mtunzi mwenye hasira huandika trombone. Huyu katuandikia viola, na kibano juu yake. "Hasira gani hiyo inayofungwa kibano?"

Nikamwambia, hasira ya miaka mitatu.

Akakohoa.


Jumatano, 12 Machi

Mvua kutwa. Yuko chumba cha Mama. Haandiki. Nasikia kiti. Kikisogea nashusha pumzi.

Nimefikiria kuugua. Mafua, mkono, chochote. Kikohozi, wa pili wangu, angekaa mahali pangu, nota zenyewe si ngumu.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, alikuwa akisema Mama — na yeye alikuwa hanyamazi!


Alhamisi, 13 Machi

Nimeingia bila kubisha hodi.

Sijaingia humo tangu tuondoe kitanda. Meza yake iko pale palipokuwa kitanda. Sakafuni karatasi, karatasi, karatasi, zote zimekunjwa. Yeye kwenye kiti, shati la juzi.

Nikafunga mlango. Nikasema leo sitoki humu na neno "nota". Nataka la kweli.

Halafu akasema, bila kunitazama: "Ulinipigia baada. Hukunipigia kabla."

"Nilikupigia kabla! Nilipiga mpaka kidole kikaniuma. Ulizima simu. Ulikuwa jukwaani!"

"Najua nilikuwa wapi." Sauti imeshuka. "Nilikuwa nimeinama. Wananipigia makofi. Nimepiga hesabu ya saa za huko na za hapa, mara nyingi kuliko unavyodhani. Ulipokuwa unasema, mimi nilikuwa nimeinama."

Nikakaa chini, kwenye zile karatasi.

Akasema yale ndiyo maneno ya mwisho yaliyosemwa karibu na masikio ya mama yake. Mtu yeyote mwenye mama angependa kuwa karibu. Yeye hakuwa karibu. Ameyapata kwa simu, kwenye foleni ya kukagua pasipoti, mtu nyuma yake anamsukuma na begi. Amejaribu kuyaandika ili afike. Ameweka sakafu, ameweka mashine, ameweka mlango. Kila kitu kimekaa mahali pake. Kasoro yeye tu. Hajui aingilie wapi.

"Na baada yake?" nikauliza. "Ukurasa wa mwisho?"

"Kila ninachoandika baada yake ni uongo. Nimeandika wote wakilia — uongo. Nimeandika amani — uongo mkubwa zaidi." Akapiga teke mpira mmoja wa karatasi. "Hii ndiyo amani."

Nikasema alinituma mwenyewe. Mama. Jikoni. Nimekwambia hilo.

"Umeniambia. Nakuamini."

"Basi unanilaumu?"

Nilitegemea hapana. Aibu kuandika, lakini nilitegemea hapana. Baada ya miaka mitatu ya shati, chakula, kitanda kimoja, mtu husema hapana hata kama si kweli.

Akasema: "Siku nyingine, ndiyo."

Siku nyingine! Kama mtu anaongelea maumivu ya goti.

"Na leo?"

"Usiniulize leo."

Nikainuka. Nikamwokotea karatasi, sijui kwa nini, nikaziweka mezani. Akaziacha hapo. Nilipofika mlangoni akasema kitu kimoja: Mama alikuwa anapenda jinsi ninavyovuta ile "mzii". Alikuwa ananiiga nikiwa kazini, wao wawili, wanacheka. "Pumziike," anasema, na anafumba macho.

Sikujua. Miaka sita nyumba moja, sikujua.


Ijumaa, 14 Machi

Ukurasa umeletwa.

Kaja nao mwenyewe asubuhi ukumbini, nakala bado zina joto la mashine. Hakunipa nyumbani. Nimepewa kwenye stendi ya nota kama kila mtu. Kila chombo kina mstari mtupu. Ngoma tupu. Klarineti tupu. Besi tupu — hata ule mngurumo umekatwa. Kuna mstari mmoja tu wenye kitu, ni wangu. Viola moja. Bila kibano. Nota zilezile, mara moja. Na juu ya nota ya mwisho ameandika kwa mkono wake: Okestra yote inasubiri hadi mpigaji atakaposhusha uta. Kondakta naye asubiri.

Kondakta akaisoma mara mbili. "Kwa hiyo anayeimaliza kazi si mimi?"

"Ni yeye," akasema mume wangu toka ukumbini.

"Na mimi hapo kazi yangu nini?"

Kikohozi, taratibu: "Nauli."

Watu wakacheka, kile kicheko cha kuishiwa nguvu. Mimi sikucheka. Tena mimi! Kila mtu kakaa kimya, na ni mimi wa kusema sasa yatosha, zima! Mara ya kwanza nilisema mbele ya watatu. Kesho mbele ya ukumbi uliojaa, na wifi mstari wa mbele, mkoba mapajani.

Tukaijaribu. Nikapiga, uta ukabaki juu ya uzi. Kimya kikaingia. Nikashusha upesi, kama nimeshika sufuria ya moto. Kondakta akasema haraka mno, hakuna aliyesikia kitu. Tena. Nikashusha upesi. Tena. Mara ya nne hata Kikohozi hakukohoa. Alinishika kiwiko chini ya stendi. Kondakta akaturuhusu.

Kwenye korido nikamvaa mume wangu. Ndiyo, mbele ya watu, mpanga-viti na wapiga tarumbeta wawili. Nikamwambia huu ni ukatili. Kama unanihukumu, nihukumu nyumbani, usinisimamishe jukwaani nijihukumu mwenyewe!

"Sikuhukumu."

"Kwa nini mimi, basi? Kwa nini usimpe fidla wa kwanza, anayependa kutazamwa?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyekuwepo."

"Na wewe?"

Wapiga tarumbeta wakakumbuka wana kazi mahali. Yeye akabaki amesimama, mikono mfukoni. Sijawahi kumwona mtu mkubwa akikosa pa kusimama vile, kwenye korido pana.

Nimerudi nyumbani peke yangu. Yeye amekuja giza limeingia. Tumekula mkate na mayai. Tumeulizana chumvi.


Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi: nimepiga nota za mizani tu. Nimefunga nywele, nimefungua, nimefunga.

Mchana: meseji ya wifi. Anauliza avae nini. Miaka mitatu hajaniuliza ushauri wowote! Nimemjibu, ile ya kijani. Akajibu: Mama aliichukia ile ya kijani. Halafu nyingine: nitaivaa.

Sasa — chumba cha kubadilishia nguo. Ni mapumziko. Nusu ya kwanza imekwisha. Tulipiga zile za zamani, watu wameridhika, wanakunywa soda huko mbele, nawasikia. "Bwawa" ndiyo inafuata. Wenzangu wametoka kunyoosha miguu. Naandika haraka, mwandiko wenyewe ndio huu.

Wifi kaja hapa nyuma. Sijui aliwaambia nini walinzi. Kasimama mlangoni na nguo yake ya kijani, kanitazama, nikajiandaa. Akasema nataka nikwambie kitu kabla sijakisikia hicho alichokiandika, nisije nikabadilisha mawazo. Akasema: "Mkono wake ulitulia. Kabla hawajazima. Uliposema. Mimi nilikuwa nyuma yako nimeuona, wewe ulikuwa unamtazama daktari."

"Kwa nini hukuniambia, wifi?"

"Nilikuwa nimekasirika."

Akafungua mkoba, akafunga. "Bado nimekasirika," akasema, na akaondoka kutafuta kiti chake.

Nimekaa na hilo. Sijui ni zawadi au ni mzigo. Mkono ulitulia kwa sababu umesikia? Au ulitulia tu, kama unavyotulia na kuruka? Nikipewa miaka mingine mitatu sitajua.

Halafu yeye. Mume wangu. Kagonga mlango wa chumba hiki, yeye asiyegonga. Suti nyeusi, kola niliyoiunguza — hakuna shati jingine safi, sikufua wiki nzima. Hakuingia. Akasema hatakaa kwenye kiti alichotengewa. Atasimama nyuma kabisa, kwenye mlango wa ukumbi.

"Kama utakavyo," nikasema.

"Sikiliza. Ukifika nota ya mwisho, usishushe uta."

"Umeandika niushushe nikitaka."

"Najua nilichoandika." Akashika kola. "Usishushe. Nitatembea. Nisubiri nifike."

Nikamtazama. Mtu huyu akiitwa kuinama mbele ya makofi hujificha nyuma ya pazia mpaka asukumwe. Huyu! Apite katikati ya watu wote, kimya kimetanda, viatu vyake vinalia!

"Watu watakuona."

"Waone."

"Ufike wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Hapo. Chini ya jukwaa, mbele ya viola. Kiti cha wifi ni cha tatu kutoka hapo.

Nikataka kusema ndiyo. Nikataka kusema pia: mwaka ule ungeweza kuniomba hilo, ungeacha simu wazi. Vyote viwili vilikuja kwa pamoja vikakwama. Nikasema: "Mkono unachoka."

"Najua," akasema. "Jitahidi." Akaenda.

Kengele ya kwanza imelia.

Nimesimama mbele ya kioo na uta. Nimeuinua ulivyo kwenye nota ya mwisho, bega limefunguka, kiwiko hewani, nikaushikilia. Unatulia. Unatulia. Halafu ncha inaanza — kidogo — na najua uzi utaisikia, na ukumbi wote utausikia uzi.

Kengele ya pili. Kikohozi kaja kunishikia mlango. Anasema twende binti yangu, leo nimemeza dawa, sitakohoa. Nimemwambia dakika.

Kutoka mlango ule wa nyuma mpaka jukwaani ni mbali. Kuna zulia, kuna ngazi, kuna giza. Na mume wangu tangu nimjue hajawahi kutembea haraka, na — kengele ya tatu.